Naomba ushauri: njia tulivu za baiskeli kuzunguka Ventoux na Baronnies, siku tano bila gari

Tandiko_Lyon

Wakuu, heshima kwenu.

Tupo watatu, tunaishi Lyon. Mwanzoni mwa Juni tunataka siku tano za baiskeli kusini mwa Ufaransa, eneo la kati ya Vaison-la-Romaine, mlima Ventoux na vilima vya Baronnies. Gari hatuna, tutakwenda na treni. Uwezo wetu ni kilomita 50 hadi 75 kwa siku na kupanda jumla ya mita 1,000, ikizidi sana 1,200. Tutalala kwenye nyumba za wageni, kwa hiyo mizigo ni mifuko midogo ya chini ya siti na ya kwenye usukani.

Tunachotafuta ni lami yenye magari machache na vijiji vya kupata maji na kahawa. Shida ni programu ya simu. Ukiomba njia fupi inakupeleka barabara za mkoa za D938 na D974 katikati ya malori, ukiomba njia tulivu inakutupa kwenye njia za mawe ambazo matairi yetu hayawezi.

Maswali: tushukie stesheni gani, tupite wapi, gia gani zinatosha, na Ventoux yenyewe tuiweke au tuiache? Mwenzetu mmoja amefika juzi kutoka Mombasa, hajawahi kuendesha upande wa kulia, na atakodi baiskeli hukohuko.

---

Mchora_Ramani

Karibu mkuu. Programu inajua umbali na aina ya lami, haijui madereva wanapenda kupita wapi. Nunua ramani ya Michelin ya 1:150,000 ya eneo hilo, uitandaze mezani kabla ya kugusa simu. Barabara nyekundu ziache kabisa. Za njano zitumie kwa vipande vifupi. Nyeupe ndizo zenu, na ile nyeupe yenye ukingo wa kijani ina mandhari pia. Angalia na vile vimishale vidogo juu ya barabara: kimoja ni mwinuko wa asilimia 5 hadi 9, viwili ni 9 hadi 13, vitatu ni zaidi ya 13, na ncha inaelekea kule barabara inakopanda. Nyinyi na mizigo yenu, vitatu mvikwepe.

Kisha tafuta jozi. Pale penye barabara mbili zinazounganisha miji ileile, moja ya haraka na nyingine yenye kona nyingi, watu wa kazini wote wanafuata ya kwanza na ya pili inabaki tupu. Mfano mzuri kuliko yote eneo hilo ni Sault. Mwenye haraka ya kufika Sault kutoka magharibi anapita D1 juu ya Col des Abeilles ("col" ni kipito cha mlima), mita 996. D942 inayozunguka kwenye korongo la Nesque inaachiwa baiskeli na watalii. Vivyo hivyo kati ya Malaucène na Vaison: magari yako D938, nanyi mnachukua D13 kupitia Entrechaux. Na kati ya Carpentras na Malaucène kuna D938 ileile, lakini nyuma ya vilima iko D90 ya Suzette.

Za kuepuka kwa majina: D938 (Carpentras, Malaucène, Vaison kuelekea Nyons), D974 kati ya Carpentras na Bédoin, D975 kutoka Orange, D950, na D94 ya bonde la Eygues juu ya Nyons. Hii ya mwisho kwenye ramani inavutia, mto upo na mlima upo, lakini ndiyo njia ya malori ya kwenda Serres.

Stesheni: msishukie Orange ingawa ni karibu, kwa sababu kutoka pale kwenda Vaison mnaanza na D975. Pandeni TER (treni ya mkoa) hadi Avignon Centre, mbadilishe treni ya Carpentras. Kutoka Carpentras mnapita Caromb, Le Barroux, kisha barabara ndogo hadi Suzette, mnamalizia D90 juu ya Col de la Chaîne (mita 472) na kuteremka Malaucène. Ni kama kilomita 30, inatosha kwa siku ya kusafiri.

---

Mama_Cheni

Naongezea mpango wa siku, maana mwenzangu hapo juu amewapa kanuni bila ratiba.

Siku ya 1: hiyo ya Carpentras hadi Malaucène.

Siku ya 2: Malaucène, Entrechaux, Mollans-sur-Ouvèze, Pierrelongue, Buis-les-Baronnies. Kilomita 25 hivi zenye mwinuko kidogo tu. Acheni mifuko mtakapolala, mle, halafu mzunguke Baronnies bila mzigo: Buis, Col d'Ey (mita 718) kwa D108, teremka Sainte-Jalle, fuata D64 juu ya Col de Peyruergue (mita 820), ingia bonde la Ouvèze na mrudi Buis kwa D546 kupitia korongo la Ubrieux. Mzunguko huo ni kama kilomita 50. Utakuta mashamba ya aprikoti, mizeituni, mbuzi, na mara chache gari la posta. Ufanyeni kwa mwelekeo huohuo, Ey kwanza, ili kilomita za mwisho ziwe za kushuka. Tahadhari moja: siku za joto, mchana upepo hupanda kutoka tambarare kuelekea juu ya bonde, kwa hiyo msishangae kukanyaga pedeli kwa nguvu kwenye mteremko.

Siku ya 3: Buis, Plaisians, Col de Fontaube (mita 635), Brantes, Montbrun-les-Bains, Aurel, Sault. Hapo mnakuwa upande wa kaskazini wa Ventoux, bonde la Toulourenc, barabara nyembamba ya D40. Brantes yenyewe imening'inia juu ya barabara, ukitazamana na ukuta mzima wa mlima. Kupanda kutoka Montbrun hadi Aurel ndiko kunakochosha, si kwa ukali bali kwa kuwa kunakuja mwisho wa siku na kivuli ni kidogo.

Siku ya 4: Sault hadi Malaucène. Njia ni mbili, nitazirudia chini.

Siku ya 5: upande wa mizabibu. Malaucène, Entrechaux, Vaison, Séguret, Sablet, Gigondas, Beaumes-de-Venise, kisha Carpentras na treni. Sablet hadi Vacqueyras msikae D7, ina magari ya mashamba ya mvinyo. Vipo vibarabara kati ya mizabibu upande wa vilima.

Siku ya 4 sasa. Njia ya kwanza ni Nesque: Sault, Monieux, kibaraza cha Castellaras (mita 734), kisha mteremko mrefu wa asilimia 2 hivi hadi Villes-sur-Auzon, Flassan, Bédoin, na D19 juu ya Col de la Madeleine (mita 448) hadi Malaucène. Njia ya pili ni Ventoux yenyewe kutoka Sault.

---

Kocha_Mbishi

Natofautiana na Mama_Cheni kwenye Nesque. Ratiba yake ni nzuri, lakini anawateremsha korongo ambalo linafaa kupandwa.

Barabara iko ukingo wa kaskazini. Ukipanda kutoka Villes kwenda Sault, wewe uko kulia, yaani upande wa bonde, unaona chini kote na jabali la Rocher du Cire mbele yako. Mwinuko ni mdogo kiasi cha kuendesha huku mnaongea. Ukiteremka uko upande wa jabali. Mandhari iko ng'ambo ya barabara, na baada ya mvua vijiwe huanguka kutoka juu na kulala palepale gurudumu lako linapopita. Kuna vihandaki vifupi visivyo na taa; ukitoka kwenye jua kali na kuingia gizani kwa kasi, macho hayaoni kitu sekunde mbili tatu.

Wakilazimika kuteremka kwa sababu ya ratiba, wafanye hivi: taa ya nyuma iwake muda wote, miwani myeusi ishushwe puani kabla ya handaki, kasi isizidi 30 ndani, na wakae mbali kidogo na jabali. Na waondoke Sault kabla ya saa tatu asubuhi. Wikendi pikipiki hujaa kuanzia saa nne.

Ventoux: waiweke. Kutoka Sault ni kilomita 26 za wastani wa asilimia 4.4, ndio upande mwepesi kuliko Bédoin na Malaucène. Kwa barabara ya D164 mpaka Chalet Reynard, mita 1,417, ni msitu na mashamba ya lavenda, na magari ni machache kuliko upande wa Bédoin. Zikibaki kilomita 6 ndipo mnakutana na D974 na watu wote duniani. Kilele ni mita 1,910. Jumla ya kupanda ni kama mita 1,200 na umbali hadi Malaucène ni chini ya kilomita 50. Kwa hiyo inaingia kwenye mipaka waliyoitaja, ila siku hiyo hakuna kingine.

---

Mama_Cheni

Kuhusu upande wa bonde nakubali. Lakini Ventoux ni suala la upepo kabla ya miguu. Mistral, ule upepo mkali wa eneo hili, ikivuma kutoka kaskazini, ile sehemu ya mawe meupe juu ya Chalet Reynard haina mti hata mmoja wa kukukinga, na kona ikigeuka unapigwa ubavuni ghafla. Mwaka 2016 hata Tour de France ilikatishwa palepale Chalet Reynard kwa sababu ya upepo, ndiyo ile siku mwendesha baiskeli Froome, mzaliwa wa Nairobi, alionekana akikimbia kwa miguu. Kama waandaaji wenye magari na helikopta waliogopa, nyinyi na mifuko kwenye usukani mnabisha nini?

Kanuni ya kufuata: angalieni utabiri wa upepo wa kilele jioni iliyotangulia, si wa Sault. Upepo wa kawaida ukitajwa zaidi ya kilomita 50 kwa saa, chagueni Nesque na msijadiliane tena. Na mfuko mkubwa wa usukani ni adui kwenye upepo wa ubavu. Uzito uhamie chini ya siti.

Juu kuna baridi hata Juni. Hesabu ya kawaida ni kupungua nyuzi 6 au 7 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo kati ya Malaucène na kileleni mna tofauti ya nyuzi kama 10, hujaweka upepo wala jasho la kupanda. Koti jepesi la upepo na glavu za vidole vizima. Vidole vikifa ganzi, breki hazibanwi.

---

Fundi_wa_Kona

Nami niongelee chuma.

Gia. Kwa mwendo huo na mzigo, tumieni meno 34 mbele na 34 nyuma. Tairi la milimita 28 linasogea kama mita 2.13 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo ukikanyaga mara 70 kwa dakika unakwenda kilomita 9 kwa saa. Mtu, baiskeli na mzigo vikiwa kilo 90, kwenye asilimia 8 hiyo inataka wati kama 185. Mtu wa kawaida mwenye mazoezi anaziweza kwa nusu saa. Sasa mwenye gia ya nyuma ya meno 28, ili aende kasi hiyohiyo, atakanyaga chini ya mara 60, na uzito wote unahamia magotini. Siku ya kwanza hutalijua hilo. Siku ya tatu pale Aurel goti litakwambia.

Kabla ya kununua sproketi za 34, angalia mkono wa derela ya nyuma (kile kifaa kinachohamisha cheni). Ile ya mkono mfupi nyingi zinaishia 28 au 30. Ukilazimisha, kigurudumu cha juu kinasugua meno, na ukiwa kwenye gia kubwa mbele na nyuma cheni inakosa urefu na kung'oa kila kitu. Ukibadilisha sproketi, pima cheni upya.

Matairi: milimita 28 angalau, 32 kama fremu inaruhusu. Lami ya zile barabara nyeupe ni kokoto zilizomwagwa juu ya lami ya maji, inatetemesha mikono. Kwa mtu wa kilo 75 kwenye 28, hewa ya bar 5 inatosha. Wanaojaza 7 wanarukaruka bure na breki zinakosa kushika. Ukiona kibao chenye neno "gravillons" maana yake wametoka kumwaga kokoto na hazijashikana. Punguza mwendo kabla ya kona, usibane breki ya mbele ukiwa umelala, pita kwenye mikondo ya matairi ya magari. Hizo kazi hufanywa miezi ya joto, kwa hiyo mtakutana nazo.

Breki: wenye breki za ringi wasibane mfululizo. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia kabisa, ringi ipoe. Kubana kidogokidogo kwa kilomita 20 za kuteremka Malaucène kunapasha ringi mpaka tyubu inapasuka, na ringi za kaboni zinaweza kulainika na kuharibika. Kabla ya safari tazama viatu vya breki: mifereji ikiwa imefutika, weka vipya, na toa kwa ncha ya kisu vipande vya chuma vilivyojichimbia humo.

Kwenye begi la kundi zima: tyubu tatu, viraka, viungio viwili vya kufungia cheni vinavyolingana na idadi ya gia zenu, kifaa cha kukatia cheni, na kile kipande cha alumini kinachoshika derela kwenye fremu. Kipande hicho kila fremu ina chake, duka la kijijini halina, na baiskeli ikiangushwa upande wa kulia ndicho kinachopinda kwanza. Maduka ya baiskeli yapo Vaison, Malaucène, Bédoin na Sault. Bonde la Toulourenc msitegemee kitu.

---

Tandiko_Lyon

Asanteni sana wakuu, nimeanza kuchora upya. Bado swali la huyu wa Mombasa. Na kuhusu maji na chakula: tunasikia vijiji vinafungwa mchana?

---

Kocha_Mbishi

Wa Mombasa kwanza abadilishiwe breki au azizoee kabla ya kutoka dukani. Kwetu kwa kawaida mkono wa kulia unashika breki ya mbele. Ufaransa baiskeli za kukodi zina breki ya mbele kushoto. Kwenye dharura mkono unafuata mazoea, anabana ya kulia akitaka ya mbele anapata ya nyuma, gurudumu linateleza. Amwambie fundi wa duka mapema. Breki za waya za kawaida zinabadilishwa kwa dakika chache, zile za mafuta wengi watakataa. Hapo afanye mazoezi ya kusimama ghafla mara kumi kwenye uwanja mtupu.

Upande wa kulia utamponyoka wakati barabara ni tupu, hasa asubuhi baada ya kusimama kunywa maji. Asianze yeye mbele. Mzunguko wa barabara unazungukwa kinyume cha mshale wa saa na anayeingia humpisha aliye ndani.

Hatari kubwa zaidi ni kanuni ya kumpisha anayetoka kulia. Ndani ya vijiji, kichochoro kisicho na alama yoyote upande wako wa kulia kina haki ya kuingia mbele yako. Mzee na gari lake dogo anatoka bila kukutazama na sheria iko upande wake. Ukiona alama ya almasi ya njano yenye ukingo mweupe, haki ni yako. Ikiwa na mstari mweusi wa kuikata, haki yako imeishia hapo.

Mengine ya sheria kwa haraka: kengele ni lazima, spika za masikioni ni faini ya yuro 135, na fulana ya kuakisi mwanga huvaliwa nje ya miji usiku au ukungu ukiwapo. Kuendesha wawili sambamba inaruhusiwa mchana, lakini gari likitaka kupita mnajipanga mmoja mmoja. Gari linalokupita nje ya mji linatakiwa likuachie mita 1.5.

---

Mchora_Ramani

Chakula: maduka mengi ya vijijini yanafunga saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa au kumi. Mikahawa inapika saa sita hadi saa nane mchana, ukifika saa nane na robo utapewa kahawa tu. Jumatatu ni siku mbaya, wengi hawafungui. Nunueni mkate, jibini na matunda asubuhi kabla ya kuondoka.

Siku za soko ni baraka na kero. Bédoin Jumatatu, Vaison Jumanne, Buis na Sault Jumatano, Nyons Alhamisi, Carpentras Ijumaa. Asubuhi ya soko katikati ya mji kunafungwa na barabara za kuingia zinajaa magari yanayotafuta maegesho. Pangeni mlale kwenye mji wenye soko kesho yake, mnunue saa mbili asubuhi, mwondoke wengine wakiwa wanaingia.

Maji: chemchemi ipo karibu kila kijiji. Ikiandikwa "eau potable" jazeni. "Eau non potable" msinywe, mwagieni kichwani. Isipokuwa na chemchemi, tafuta makaburi. Ndani ya geti huwa na bomba la kumwagilia maua, mara nyingi ni maji ya mji, lakini someni kibao chake pia. Kati ya Monieux na Villes msitegemee maji popote, mbebe chupa mbili kila mmoja.

---

Mama_Cheni

La treni msilipuuze. Kwenye TER baiskeli inapanda nzima bila malipo, ila ndoano ni chache na Ijumaa jioni na Jumapili jioni zinajaa. Watatu mkifika pamoja, gawaneni mabehewa. Kwa TGV, treni ya kasi, ni lazima itolewe magurudumu na kuingizwa mfukoni, labda treni iwe na nafasi ya baiskeli na mmeikata pamoja na tiketi. Kurudi siku ya 5, chagueni treni ya mchana kutoka Avignon, msingoje ya mwisho.

---

Fundi_wa_Kona

Moja nimesahau. Kibao cha "route barrée" (barabara imefungwa) mkikikuta kwenye barabara nyeupe, msigeuke kabla ya kuuliza. Mara nyingi ni wafanyakazi wa lami na watawapitisha mkitembea kwa miguu. Daraja likiwa limeondoka ndiyo basi, na kwenye mabonde haya njia ya mchepuko inaweza kuwa Col nzima ya ziada, kwa hiyo ulizeni kijiji cha nyuma, si mbele ya kizuizi.

Na mkipata ajali pigeni 112. Mawe ya kilomita yenye kichwa cha njano pembeni mwa barabara yana namba ya D na kilomita. Msomeeni mpokea simu hivyo viwili kama vilivyoandikwa, na jina la kijiji mlichopita mwisho.